Mawe Yaliyopanga Mstari Keshero

Kama uliwahi kuteka maji kwenye robine, lile bomba la avenyu yetu, huku Keshero, Goma, basi firimbi ya Mama Nshobole unaijua, na usijifanye huijui. Ilikuwa firimbi ya chuma, ya kocha wa mpira, aliyoachiwa na marehemu mume wake, Edmond Bashige. Aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Akiipuliza mara moja, bidoni ya mbele, dumu la kwanza mstarini, inasogea. Mara mbili, kuna mtu ameleta ujinga. Mara tatu, funga mdomo wako, Mama Prezida anataka kusema.

Na alikuwa na la kusema, Mungu wangu! Mama mfupi, mnene kidogo, sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa. Watu wa kwao walitoka upande wa Bukavu, watu wa kanisa na wa ofisi, wanaopenda kila kitu kikae mahali pake. Mume alipofariki, na watoto wakiwa wameshatawanyika kutafuta maisha, alibaki nyumbani na mama mkwe wake, Koko Émérance. Koko ni bibi, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku. Macho ya huyo koko yalikuwa yameshamwacha kitambo.

Robine ndiyo iliyomwokoa Nshobole. Zamani hizo tulikuwa tunapigania maji kweli, si mchezo, hadi siku moja mama mmoja aling'olewa jino kwa kifuniko cha bidoni. Watu wakasema basi, tuchague mutu. Wakanyosha mikono, wakamchagua yeye. Mshahara hakuna. Lakini tangu siku ile alikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi, na watu wa kumwamkia kwa cheo, na kiti cha plastiki ambacho hata mbuzi hakuthubutu kukisogelea.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliichukua kwa wahenga akaifanya mali yake: asiyekuwepo na lake halipo. Bidoni yako inaweza kukupangia mstari, hilo alilikubali, kila mtu Goma anafanya hivyo. Ila firimbi ikilia na wewe mwenyewe huonekani, bidoni inarudishwa mkiani. Umeenda msalani? Mkiani. Umeenda misa? Mungu akubariki, mkiani.

Aliyeijua sheria hiyo kwa machungu ni Kahindo. Huyu ni jirani, mama kijana aliyetoka Butembo, muuza maharage wa soko Virunga. Siku moja mtoto wake alishikwa na degedege akiwa mgongoni mwake, palepale kwenye mstari. Kahindo alimkimbiza kituo cha afya na kuacha bidoni yake karibu kabisa na robine. Aliporudi, mtoto akiwa amepata nafuu, bidoni iko mkiani, na maji yakakatika kabla haijafikiwa.

"Mama Prezida," akasema, "si uliona vile nilikimbia na mutoto?"

"Niliona. Lakini nikikuachilia weye leo, kesho kila mutu atakuja na mutoto mugonjwa."

Kahindo aliinua bidoni yake tupu akaenda zake. Toka hapo alimsalimia Nshobole kwa heshima zote, kila asubuhi, bila kumchekea hata mara moja. Nshobole aliliona hilo, na lilimsumbua kuliko matusi, lakini sheria ni sheria, angefanyaje?

Aliyeleta maneno ya uchaguzi ni Benny. Kijana mrefu, miwani, assistant kwenye chuo kikuu kimoja hapa mjini, anafundisha mambo ya utawala na uhuru wa raia. Tumheshimu, alikuwa anabeba bidoni yake mwenyewe. Tatizo lake usingizi. Kila siku alichelewa, kila siku alirudishwa mkiani, na pengine ndiyo maana yale mambo ya uhuru yalimwingia damuni kuliko wengine wote.

"Mama Prezida," aliuliza siku moja, bidoni yake ikiwa huko mkiani kama kawaida, "mutawala muzuri si ule mwenye hakosee. Ni ule mwenye watu wanaweza kutoa bila damu kumwangika. Tunapiga kura siku gani?"

"Siku utajifunza kuamka."

Tukacheka. Yeye hakuchoka. Akanyosha mkono kuelekea ziwani, kwa sambaza, dagaa wetu wa huku.

"Unaona sambaza kule ndani? Elfu na elfu, wanageuka mara moja, hakuna mwenye kugonga mwenzake. Nani anawapigia firimbi? Na soko Virunga? Makala inatoka huku, viazi kule, maharage kwa kina Kahindo. Hakuna mutu moja mwenye alikaa akapanga ile yote, na bado kila siku Goma inakula. Watu wakiwa na sheria yenye kila mutu anaelewa, na kila mutu akiwa huru kufanya yake, wanajipanga wenyewe."

"Sambaza!" Nshobole alicheka hadi kiti kikalia. "Professeur wangu, sambaza tunakulaga na bugali kila siku. Juu ya kukosa prezida, wote wanaingia mu wavu pamoja!"

Hapo watu walivunjika mbavu, hata Benny mwenyewe alivua miwani akafuta machozi. Lakini mambo ya kura hayakufa. Mara tatu Nshobole alikuwa ameahidi na mara tatu akakwepa: mara mvua, mara Kwaresima, mara mashine ya maji imeharibika. Mwezi ule wa Januari walimbana. Jumapili, baada ya misa, watu wanyoshe mikono. Akasema sawa kwa mdomo. Moyoni alikuwa na lingine. Nikivuliwa firimbi, aliwaza, mimi ni nani tena? Mjane na mama mkwe asiyeona, basi, nani atakumbuka kunisalimia?

Katikati ya wiki akaenda Mugunga kumtazama dada yake Sylvie, aliyekuwa na malaria. Alimwachia Koko chakula kilichopikwa na bidoni moja ya maji, akasema jioni nimerudi.

Jioni hiyo hakurudi. Vita iliingia mjini. Sitakueleza milio yake, kama ulikuwepo unaijua, na kama hukuwepo shukuru. Nshobole na Sylvie walilala chini ya kitanda kimoja siku baada ya siku, simu zimekufa, barabara imefungwa. Waliopita mbio walisema umeme hakuna mji mzima, mashine za maji zimenyamaza, robine zote kavu, watu wanakunywa ziwa.

Nshobole akaanza kulia. Si kwa risasi. Kwa ile njia.

Ukitaka kuelewa kilio chake, lazima uijue njia yetu ya ziwani. Wenye pesa wamejenga kuta hadi majini, wametubakizia kichochoro kimoja kati ya kuta mbili, watu wawili hawapishani bila kubanana. Chini kabisa kuna mwamba mmoja bapa wa kusimamia, na kando yake miamba mingine ya volkano, mikali, inakata mguu hadi mfupa. Sasa mpeleke pale mtaa mzima, wenye kiu, wenye hofu, na hakuna mtu wa kuwapanga.

"Watakulana," alimwambia Sylvie. "Sylvie, nakuapia, watatumbukizana. Na Koko atakufa na kiu juu mi siko. Nani atamukumbuka? Nani? Asiyekuwepo na..."

Ilikuwa sheria yake mwenyewe. Sasa asiyekuwepo ni yeye.

Milio ilipopungua, alitoka. Sylvie alimshika nguo, akajinasua. Aliyoyaona barabarani kati ya Mugunga na Keshero hajamwambia mtu hadi leo, na mimi sitajitia kuyajua. Najua tu kwamba alipofika kwenye avenyu yetu, miguu ilikuwa imevimba na mdomo umekauka, na kwamba hakuenda nyumbani kwanza. Njia ya ziwani inaanza kabla ya nyumba yake. Alikunja pale.

Akashtuka. Watu hakuna! Kulikuwa kimya. Na chini, kando ya ukuta, kuanzia kwenye avenyu hadi kichochoro kinapokunja, mawe. Mawe meusi ya volkano, moja nyuma ya lingine, moja nyuma ya lingine, yamepangwa kama meno.

Sasa wewe unayeishi Goma, niambie ukweli. Ukiona mawe yamepangwa njiani, siku za vurugu, unawaza nini? Barière! Unawaza kuna wajinga wamefunga njia, wanataka utoe kitu ndipo upite. Ndivyo alivyowaza. Damu ikampanda kichwani. Kumbe hata maji ya Mungu wameshayawekea kizuizi! Paka ameondoka, panya wamejenga!

Akaanza kuyapiga mateke. La kwanza, la pili, la tatu, huku akitukana kwa Kishi, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili. Mengine akayainua akayarusha nje. Alipofika kona akaona chini, kwenye mwamba, watu wamechuchumaa na bidoni, wamebanana. Akafanya alichokifanya kila asubuhi ya maisha yake tangu achaguliwe. Akaishika firimbi, akajaza kifua, akapuliza mara tatu.

Mama wee!

Fikiria, siku kama zile, firimbi inalia nyuma ya mgongo wako mahali pasipo na pa kukimbilia. Nani anawaza Mama Prezida? Kila mtu aliwaza bunduki. Watu waliruka wote kwa pamoja, wengine juu, wengine chini, bidoni zikapasuka, mama mmoja akaingia majini hadi kifuani na mtoto mkononi, mageti ya nyumba za jirani yakafunguka na watu wakatoka humo wakikimbia bila kujua waendako. Papa Guylain, fundi wetu wa chukudu, mtu anayetengeneza yale magari ya mbao ya kubebea mizigo, aliteleza kwenye mwamba akaangukia mkono. Tulisikia mfupa.

Kisha sauti ya Guylain, ndogo kama ya mtoto:

"Mama Prezida? Ni weye?"

Nshobole alikuwa bado na firimbi mdomoni. Aliwaona wakimtazama, mmoja mmoja, wakiinuka kutoka chini, nguo zimeloa, magoti yanatoka damu. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejua la kujibu.

"Mi..." alisema. "Mi niliona barière. Nilisema nipange watu."

"Watu walikuwa wamepangwa," Kahindo akasema.

Alikuwa amesimama juu kidogo, mtoto wake mgongoni, na mkononi ameshika moja ya mawe yaliyopigwa teke.

"Siku ya kwanza tulisimama mustari kama zamani," akasema, "na risasi ikapita hapa, juu ya ukuta. Tukakimbia wote. Papa Guylain hakutaka kuacha bidoni, wezi walikuwa wanachukua kila kitu, akaweka jiwe mahali pake akaenda nayo. Aliporudi, jiwe ilikuwa bado, na hakuna mwenye aliikanyaga. Watu wakaona ni akili. Nani ataiba jiwe Goma? Kesho yake kila mutu akaleta yake. Unaweka jiwe, unajificha mu kiwanja ya watu, mustari ikisogea unatoka, unasukuma yako, unarudi kujificha. Njo vile hakuna mutu alikufa hapa, Mama. Hata moja."

"Na nani..." Nshobole aliyatazama mawe. "Nani aliwaambia?"

Watu wakatazamana. Swali lile lilikuwa halijawahi kumjia mtu.

"Hakuna," akasema Guylain pale chini, amekumbatia mkono wake.

Benny alikuwepo. Nakuambia, alikuwepo, na jiwe lake lilikuwa mkiani hata vitani. Alikuwa ameketi chini, miwani imevunjika kioo kimoja, anayatazama yale mawe kwa kinywa wazi. "Miaka yote mi nafundisha hii kitu," alisema, si kwa mtu yeyote. "Miaka yote. Sikuwahi kuiona." Na hakuwa anacheka. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameshtuka zaidi yake, isipokuwa yule mwenye firimbi.

Wawili wakampeleka Guylain kwa mfunga mifupa. Waliobaki walianza kuokota mawe, na hapa ndipo Nshobole alipopigwa na butwaa kweli.

Yeye alijua mstari ni nini. Mstari ni kitu kilicho kichwani mwa mtu mmoja, aliyeketi kwenye kiti, anayeona toka mbele hadi nyuma. Ule wa mawe haukuwa kichwani mwa mtu yeyote. Alisubiri ugomvi. Alijiambia sasa, sasa hivi, wataanza. Badala yake akasikia: "Mi niko nyuma ya ile yenye chokaa." "Yenye chokaa ni yangu, na mi niko nyuma ya Mama Wivine." "Mama Wivine, yako iko wapi? Ile pale imeingia mu mutaro." Kila mtu alimjua wa mbele yake na wa nyuma yake, basi, zaidi ya hapo hakujua. Na jiwe likapata jirani, jirani akapata jirani, hadi mawe yote yaliyosambaratishwa na miguu yake yakawa yamerudi ukutani, moja nyuma ya lingine. Mama mmoja tu na Papa mmoja walibishana, na waliowazunguka wakawasuta, wakanyamaza.

Nshobole alijaribu kusaidia. Aliinama akachukua jiwe moja alilokuwa amelipiga teke, lililokuwa limeviringika hadi avenyu. Lilikuwa zito, la mviringo, na upande wa chini limefungwa kitambaa cha kitenge. Bluu, yenye maua. Aliijua ile bluu. Ilikuwa kitenge chake mwenyewe, cha sherehe ya wamama ya mwezi wa tatu, kile alichokikata mapambo ya jikoni. Na jiwe lenyewe alilijua. Lilikuwa la kuzuilia mlango wa nyumba yake.

"Hii..." alisema. Sauti iliyokuwa ikivuka ziwa haikutoka. "Hii jiwe ni ya nani?"

"Ya Koko," Kahindo akajibu. "Iweke hapa. Mi niko nyuma ya Koko."

"Lakini Koko haoni. Hawezi kufika huku. Nani anasukuma?"

"Mwenye yuko nyuma."

"Kila siku?"

"Mwenye yuko nyuma, Mama. Hakuna mutu moja mwenye kazi ya kusukumia Koko. Unasukuma yako, unakuta ile iko mbele, utaiacha? Unasukuma zote mbili. Ikifika kwa maji, unachota mu bidoni yako, unamupelekea, kisha jiwe inarudi nyuma kungojea kesho."

Nshobole aliliweka jiwe pale alipoonyeshwa. Kisha akaenda nyumbani, na njia nzima, mtu ninayemjua alimsikia akisema peke yake, "Nilipiga ya kwetu. Kwa muguu wangu. Nilipiga ya kwetu."

Koko Émérance alikuwa ameketi mlangoni, mzima, amejifunika shuka. Nshobole alimwangukia magotini.

"Koko! Uko muzima! Nani alikuwa anakuletea maji?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mwanangu, mi naona? Leo sauti hii, kesho sauti ingine. Wanabisha, wanamwanga, wanaenda. Kuna moja anachelewaga sana, anakuja tukishalala." Akacheka kidogo. "Ule njo anakuwaga na muguu mukubwa, anagonga kila kitu."

Basi, hata Benny.

Umeme ulirudi baadaye, robine ikaanza kutoa, na ile Jumapili ya kura iliyopitwa na vita ikapangiwa Jumapili nyingine. Wengine walidhani Nshobole atatafuta kisingizio. Hata mimi nilidhani. Kumbe alikuja wa kwanza. Alivaa kitenge chake cha kanisa, akamshika Koko mkono, akamkalisha kwenye kile kiti cha plastiki. Yeye akasimama. Firimbi aliivua shingoni, akaining'iniza kwenye msumari wa mlingoti wa robine, mbele ya watu wote. Guylain alikuwepo, mkono umefungwa kwa vijiti, na Nshobole hakuweza kutazama upande ule.

Benny aliongoza, kwa sababu ndiye aliyelisumbukia jambo. Akauliza kama kuna anayetaka kuwa prezida. Hakuna aliyejitokeza. Akakohoa, akasema basi yeye mwenyewe anaweza kujitolea.

"Utakuwa unafika saa ngapi?" Mama Wivine akauliza, na watu wakaangua kicheko, na ndoto ya Benny ikafia hapo.

Wakakubaliana hivi: sheria ya jiwe ibaki, kama ilivyokuwa ziwani. Aliye nyuma amsukumie asiyekuwepo. Ugomvi ukitokea, walio karibu wauamue. Firimbi ikae msumarini, ipulizwe na yeyote, kwa moto au hatari tu. Prezida hakuna hadi watu wenyewe waone wanamhitaji. Yote hayo yalipita bila kelele, mikono ikipanda na kushuka.

Ndipo Benny, kwa sauti ya mtu asiyetaka kufanya anachokifanya, akasema haki ni haki, lazima tuulize na hili. Nani anataka Mama Nshobole aendelee kama zamani?

Hakuna mkono uliopanda. Watu walitazama viatu vyao. Watu waliomwamkia miaka yote, waliokula kwake, waliomlilia mume wake! Nshobole alisimama wima, uso umekakamaa. Alikuwa amejiandaa kuona mikono michache. Kutoona hata mmoja hakujiandaa.

Kisha pale kwenye kiti cha plastiki, polepole, mkono mmoja ukapanda. Mkono mkavu, umekunjamana, vidole vimefunguka.

"Nshobole," Koko akanong'ona, na kila mtu alimsikia. "Tuko wengi?"

Nshobole aliinama sikioni mwake.

"Muko wengi, Koko," akasema. "Shusha mukono, utachoka."

Damu haikumwagika. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyefukuzwa. Watu walisimama, wakapangusa vumbi, wakaenda kupika. Sijui kama unaelewa jinsi jambo hilo lilivyo la ajabu, huku kwetu.

Kesho yake Nshobole hakutoka. Aliamka saa yake ileile, akavaa, akafika mlangoni, akarudi akaketi kitandani. Angeenda kufanya nini? Kusimama mkiani, achekwe? Alisikia bidoni zikigongana kule robine, na vicheko, na maji. Koko aliulizia maji ya chai, Nshobole akasema yatakuja, bila kujua yatatoka wapi. Jiwe la mlango hata halikuwepo, mlango ulikuwa unajipigapiga kwa upepo wa ziwa, na hakuuliza limeenda wapi. Aliketi tu. Asiyekuwepo, alijiambia, na lake halipo. Sheria ni yangu, niimeze.

Jua lilipokuwa juu, mtu alibisha. Alikuwa Kahindo, amepinda upande mmoja kwa uzito, bidoni imejaa hadi shingoni, na mkono wa pili umekumbatia jiwe lenye kitambaa cha bluu.

"Jiwe yenu ilifika," akasema.

Nshobole alimtazama kama aliyeona mzuka.

"Nani aliipeleka? Mi sikuenda. Koko haoni."

"Sijui, Mama. Niliikuta mbele yangu, nikasukuma."

"Kahindo." Akamsogelea. "Ile siku ya mutoto. Ile siku uliacha bidoni, na mi nilikuona vizuri unakimbia, nilikuona, na..."

"Mama," Kahindo akamkata, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamchekea, kidogo tu, kwa kona ya mdomo. "Hii bidoni ni nzito. Shika upande."

Nshobole akashika, wakaingiza maji ndani.